Waraka Utafunguliwa Kwenye Kompyuta ya Nani?

Andiko la mradi lilikuwa na kurasa tisa nilipolifunga ofisini. Jedwali la bajeti lilikaa lote kwenye ukurasa wa saba, nembo ilikuwa juu kulia, na mahali pa sahihi ya mwenyekiti palikuwa chini ya aya ya mwisho. Printa yetu ilikuwa imeishiwa wino, kwa hiyo nikaweka faili kwenye flashi nikateremka hadi steshenari iliyo karibu na stendi. Dada aliyekuwa zamu akalifungua, nikaona kurasa kumi na moja. Bajeti ilikuwa imekatika katikati, mstari wa jumla umehamia ukurasa unaofuata peke yake, nembo imepanda juu ya jina la asasi, na sahihi imebaki kwenye karatasi tupu. Nilipomwambia nilikotoka ilikuwa vingine akanijibu, "Kaka, huku kwetu ndivyo inavyofunguka." Alikuwa mkweli kabisa. Na masharti ya mfadhili yalitaka kurasa zisizozidi kumi.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza ofisi yake itumie programu gani kuandikia nyaraka, namuuliza kwanza nyaraka zenyewe zikitoka mikononi mwake zinakwenda wapi. Nani atazifungua, kwa kompyuta au kwa simu? Anatakiwa azisome tu, azirekebishe, au azitunze kabatini kwa miaka kumi? Watu wengi huanza na jina la programu, wengine na bei. Mimi nimeona ofisi zikinunua leseni za gharama na bado zikatuma barua zinazovurugika njiani, na nimeona ofisi zisizolipa hata senti zikitoa nyaraka safi mwaka mzima. Tofauti yao ni kujua msafiri wao anakwenda wapi.

Ili hilo lieleweke, inabidi tuangalie kilichomo ndani ya faili.

Chukua nakala ya waraka wowote wenye jina linaloishia na .docx, badilisha mwisho huo uwe .zip, kisha ufungue. Utashangaa kukuta ni mfuko wenye mafolda. Ndani ya folda liitwalo word kuna faili la maandishi matupu, document.xml, lenye maneno yako yote yakiwa yamezungukwa na maelekezo: hapa herufi ziwe nzito, hapa anza aya, hapa weka jedwali la safu nne. Picha zako zimekaa kwenye folda lao. Ukitafuta kurasa zilizokwisha kupangwa, hutazikuta. Ukurasa hupigiwa hesabu upya kila faili linapofunguliwa, na anayepiga hesabu hiyo ni programu iliyo kwenye kompyuta ya mfunguaji, kwa fonti (aina za herufi) alizonazo yeye, kwa karatasi iliyopangwa kwake.

Ni sawa na kumtumia fundi cherehani vipimo. Fundi wa Kariakoo na fundi wa Kigoma wakipewa vipimo vilevile watatoa magauni yanayofanana, lakini mkono utakaa tofauti kidogo. Faili la docx ni vipimo. Faili la PDF ni gauni lililokwisha kushonwa na kupigwa pasi. Ukilielewa hilo, nusu ya ugomvi wa ofisini kuhusu nyaraka unakuwa umeelezeka.

Kinachovuruga zaidi ni fonti. Word ya mwaka 2007 ilikuja na Calibri kama fonti yake ya kuanzia, na kwa zaidi ya miaka 15 mamilioni ya barua yameandikwa kwa Calibri bila mwandishi kuichagua. Mwaka 2023 Microsoft ikaanza kuiweka Aptos mahali pake. Sasa mtu mwenye Word mpya anaandika kwa Aptos bila kujua, anapeleka faili kwenye kompyuta yenye Word ya zamani isiyo na fonti hiyo, na kompyuta ile inaazima fonti nyingine. Herufi za kuazima zikiwa pana kwa unywele tu, neno moja linateremka mstari wa chini, mstari unateremsha aya, aya inasukuma jedwali. Kufikia ukurasa wa tisa umekwisha kuongezewa kurasa mbili. Hivyo ndivyo andiko langu lilivyonenepa.

Dawa yake ni ndogo na ni ya bure. Andika kwa fonti zinazopatikana karibu kila mahali: Times New Roman au Arial. Hata LibreOffice, programu ya ofisi isiyo na malipo ambayo haiji na fonti za Microsoft, hubeba fonti mbadala zilizochongwa kwa makusudi ziwe na upana uleule: Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial, na Carlito kwa Calibri. Herufi zenyewe hazifanani sana kwa sura, ila kila moja inachukua nafasi ileile, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Aptos ndiyo ya kuogopa kwa sasa kwa waraka unaosafiri.

Karatasi nayo ina lake. Sisi tunatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia karatasi yao iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, pana kidogo na fupi zaidi. Fomu nyingi za wafadhili zinatoka huko zikiwa zimepangwa kwa Letter, na programu nyingine zikiwekwa kwa lugha ya Kiingereza cha Marekani hujipangia Letter zenyewe. Tazama mpangilio wa ukurasa kabla hujaandika neno la kwanza.

Halafu kuna tabia yetu wenyewe, na hapa sitamlaumu Microsoft wala mwingine. Tunasogeza maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini ili tarehe ikae kulia. Tunabonyeza Enter mara tisa ili sura mpya ianzie ukurasa mwingine. Kwenye skrini yetu panapendeza, lakini upana wa nafasi moja ukibadilika kidogo, mara ishirini zile zinajumlika. Kila programu ina amri ya kupeleka mstari kulia, amri ya kukata ukurasa, na mitindo ya vichwa vya habari. Karani anayezijua amri hizo tatu ataandika waraka unaovumilia safari kwenye programu yoyote, na kumfundisha ni asubuhi moja.

Sasa, kwa nini programu mbili zisisome vipimo kwa namna moja? Jibu lina historia yake. Mafaili ya zamani ya .doc yalikuwa ya Microsoft pekee, yameandikwa kwa namna ambayo wenye programu nyingine walilazimika kubahatisha kilichomo. Wapinzani wakatafuta fomati iliyo wazi kwa kila mtu: ODF, ile yenye mafaili ya .odt, iliidhinishwa na shirika la OASIS Mei 2005 na kuwa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006. Microsoft nayo ikaja na fomati yake iliyo wazi, ndiyo hii ya .docx, iliyoingia na Office 2007 na kupitishwa na ISO mwaka 2008 baada ya mabishano makali. Kwa hiyo dunia ina viwango viwili vya jambo moja, vyote halali, na kila programu inazungumza kimoja kama lugha ya mama na kingine kama lugha ya kujifunza.

LibreOffice imezaliwa upande wa ODF. Asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, ikafunguliwa kuwa programu huria kwa jina la OpenOffice.org mwaka 2000. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, wachangiaji wengi walijitoa Septemba mwaka huohuo wakaanzisha LibreOffice. Sisi Waswahili tuna sehemu yetu katika ukoo huo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilifanywa zaidi ya miaka 20 iliyopita na watu waliokaa wakajadili neno moja baada ya jingine, na inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa.

LibreOffice inafungua na kuhifadhi docx, na kwa barua, taarifa na mihtasari ya vikao inafanya hivyo vizuri. Panapopinda ni kwenye visanduku vya maandishi vinavyoelea, michoro iliyochorwa ndani ya Word, fomu zenye nafasi za kujaza, na vijiprogramu vidogo vinavyofichwa ndani ya faili. Kila waraka unaporuka kutoka programu moja kwenda nyingine na kurudi, kitu kidogo kinaweza kupotea. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: waraka mmoja ukae na programu moja hadi mwisho. Na kama mtu wa nje ya ofisi atautia mkono akiwa na Word, uandike kwa docx tangu siku ya kwanza. Usiuandike kwa odt ukaja kuubadilisha usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilitatua suala hili kwa namna ninayoipenda kwa sababu haikuanza na programu. Ilisema waraka wa kusomwa tu utolewe kwa PDF/A (aina ya PDF ya kutunza kumbukumbu) au kama ukurasa wa tovuti, na waraka wa kufanyiwa kazi na watu kadhaa uwe wa ODF. Ofisi yako inaweza kuweka docx mahali pa ODF na bado ikafaidika, kwa sababu kilicho muhimu pale ni kutenganisha wasomaji na wahariri.

PDF ilitoka Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha ISO. Inabeba fonti zake ndani, inabeba ukurasa kama ulivyo, na steshenari yoyote itaichapa kama ulivyoiona. Word, LibreOffice na Google Docs zote zinatoa PDF bila programu ya ziada. Kila kinachokwenda kuchapwa, kutiwa muhuri, kutumwa kwa mzabuni au kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kinapaswa kutoka ofisini kikiwa PDF. Ningefanya hivyo kabla ya kwenda stendi, mwenyekiti angepata kurasa zake tisa.

Lakini PDF ina mtego mmoja unaohitaji tahadhari. Watu huweka kisanduku cheusi juu ya jina au kiasi cha fedha wakidhani wamekificha. Kisanduku kimekaa juu. Maneno yapo chini yake. Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump huko Marekani, waliwasilisha mahakamani hati ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakanakili maandishi yaliyokuwa chini ya weusi na kuyabandika kwingine. Siri zote zikawa hadharani siku hiyohiyo. Ukitaka kuficha, futa maneno yenyewe kwenye waraka wa asili, weka nyota au mistari mahali pake, ndipo utoe PDF.

Faili la Word lina mtego wa aina hiyo pia. Mwaka 2003 ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, ilichapisha waraka kuhusu Iraki ukiwa faili la Word, na ndani yake watu wakakuta kumbukumbu ya majina ya waliouhariri. Kwa ofisi ya kawaida hatari iko kwenye maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa: mhasibu ameandika "hii bei tumeipandisha kidogo" pembeni, kisha waraka unapelekwa kwa mteja na maoni yakiwa ndani. Kuyaona unahitaji kubonyeza mara moja tu.

Tuje kwenye kuandika pamoja, maana hapa ndipo ofisi nyingi zinapoumia kila siku. Ripoti inaanza kwa mratibu, inakwenda kwenye kundi la WhatsApp, mhasibu anaipakua anaongeza takwimu, afisa mradi anaipakua ile ya mwanzo anaongeza picha, mkurugenzi anasoma ya tatu. Jioni mna mafaili matano: ripoti, ripoti mpya, ripoti ya mwisho, ripoti ya mwisho kabisa, na moja yenye namba 2 kwenye mabano iliyozaliwa na simu yenyewe. Hakuna hata moja lenye mabadiliko ya wote. Nimekaa hadi saa sita usiku nikilinganisha mafaili ya namna hiyo mstari kwa mstari, na siwatakii wengine kazi ile.

Google Docs na ndugu zake zinaondoa tatizo hilo kwenye mzizi. Waraka unakuwa mmoja, uko kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya mtoa huduma, na kila mtu anauendea pale ulipo. Google iliingia kwenye kazi hii mwaka 2006 baada ya kununua programu ndogo iitwayo Writely. Microsoft ina njia yake ya kufanya hivyo kupitia OneDrive, hifadhi yake ya mtandaoni, pamoja na Word ya kwenye kivinjari isiyodai malipo ukiwa na akaunti. Mnaona mnachoandika papo hapo, na historia ya mabadiliko inahifadhiwa, kwa hiyo mtu akifuta sura nzima kwa bahati mbaya unairudisha. Kwa rasimu inayoandikwa na zaidi ya watu wawili, sijaona njia bora zaidi.

Gharama yake ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Ofisi zilizokuwa na kila kitu kwenye seva za mbali zilikaa mikono kifuani. Google Docs inaruhusu kufanya kazi bila mtandao, lakini ni lazima uiwashe mapema kwenye kivinjari cha Chrome, kompyuta ikiwa bado ina mtandao. Washa leo. Na ofisi iliyo mbali na mjini, ambako bando linaisha tarehe 20 na mnara unalala mvua ikinyesha, isijifunge kwenye programu inayokufa mtandao ukikatika. Hapo LibreOffice au Word iliyo ndani ya kompyuta ndiyo iwe ya msingi, na mtandao uwe wa kupeleka na kupokea.

Kuna jambo moja kuhusu nyaraka za mtandaoni ambalo nalisisitiza kuliko yote, na sijaona likizungumzwa vya kutosha: akaunti ni ya nani? Katika asasi nyingi ndogo, aliyeanza kutengeneza nyaraka kwenye Google alikuwa kijana mmoja anayejua kompyuta, naye alitumia barua pepe yake binafsi. Katiba ya asasi, orodha ya wanachama, ripoti za miaka mitatu, vyote viko kwenye akaunti yake, na wengine wamepewa ruhusa tu. Nimeshuhudia kijana wa namna hiyo akiondoka kwa amani kabisa, amepata kazi mkoa mwingine. Baada ya muda simu yake ikapotea, nenosiri akalisahau, na namba aliyosajilia ikawa haipo tena. Nyaraka zilikuwepo lakini mwenye nyumba hakuwepo. Hakuna aliyeweza kuongeza mtu wala kumwondoa. Na tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Akaunti ikifutwa, ruhusa yako haina cha kufungua.

Kwa hiyo kabla hamjabishana kuhusu programu, fungueni akaunti ya ofisi. Jina la ofisi, namba ya simu ya ofisi, nenosiri likiandikwa na kufungiwa kwenye bahasha anayoishika mwenyekiti au mtunza hazina. Nyaraka zote zianzie humo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili, na kwa maandishi hiyo ni nafasi ya miaka mingi mradi msiweke video za semina. Ofisi inayoweza kulipia huduma ya kikazi inapata kitu kikubwa zaidi ya nafasi: msimamizi anaweza kuhamisha nyaraka za anayeondoka kwenda kwa anayeingia. Google na Microsoft zote zina mipango ya nafuu kwa asasi zisizo za kiserikali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa bei kamili.

Angalieni pia ruhusa mnazotoa. Chaguo la "yeyote mwenye kiungo" ni rahisi, na ndiyo maana linatumika hovyo. Kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp kinasambazwa kama ujumbe mwingine wowote. Orodha ya wanufaika yenye majina, namba za simu na hali ya afya haipaswi kukaa nyuma ya kiungo cha namna hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na zote zinaibebesha ofisi jukumu la taarifa ilizokusanya.

Orodha hizo kwa kawaida hukaa kwenye lahajedwali, na lahajedwali lina tabia ya kubadilisha ulichoandika bila kukuuliza. Andika namba ya simu inayoanza na 0 kwenye Excel, sifuri ya mbele inapotea, kwa sababu programu imedhani unahesabu. Namba ya kitambulisho cha NIDA ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel inakumbuka kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiiandika bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna programu duniani itakayokurudishia zilizokuwepo. Nimeona orodha ya wanachama mia tatu ikiwa hivyo, na ikabidi watu waitwe upya mmoja mmoja na vitambulisho vyao. Kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima uieleze programu kuwa hayo ni maandishi. Fanya hivyo kwenye Excel, kwenye LibreOffice Calc na kwenye Google pia.

Fomati za zamani nazo zina mpaka wake. Faili la .xls haliwezi kupita mistari 65,536. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilipoteza wagonjwa 15,841 wa korona kwenye hesabu yake kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya aina hiyo, na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Faili la .xlsx linabeba mistari 1,048,576. Kama bado mna mafaili yanayoishia na .xls au .doc, yafungueni na kuyahifadhi upya kwa fomati mpya.

Kuhusu bei nitasema machache. Ofisi nyingi zinatumia Office iliyowekwa na fundi wa mtaani, iliyofunguliwa bila leseni. Vijiprogramu vinavyotumika kuifungua ni njia inayojulikana ya kuingizia virusi, na kompyuta ya mhasibu yenye maelezo ya benki si mahali pa kujaribia bahati. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma kwa Office 2016 na 2019, hivyo hata mwenye leseni halali ya matoleo hayo hapati tena marekebisho ya usalama. Ukiwa huwezi kulipia, LibreOffice ni halali, haina malipo, na inafanya kazi kwenye kompyuta za zamani. WPS Office, ya kampuni ya Kichina ya Kingsoft, watu wengi wanayo kwenye simu zao. Inafungua docx vizuri na toleo lake la bure lina matangazo. Kwa kusomea kwenye simu inatosha. Kwa kuandikia waraka wa kurasa arobaini, tumia kompyuta.

Simu yenyewe ni msomaji wa kuheshimiwa. Wakubwa wengi husoma kwa simu wakiwa njiani, na ukurasa wa A4 kwenye kioo cha kiganjani unamlazimu mtu kuvuta na kusogeza kila mstari. Kama jambo ni la aya tatu, liandike kwenye ujumbe wenyewe au barua pepe, usiambatanishe chochote. Mkurugenzi wetu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, ukinitumia faili nitalisoma nikifika; ukiniandikia nitakujibu sasa hivi," na tangu hapo nimepata majibu ya haraka.

Ofisini kwetu mambo sasa yako hivi. Rasimu inaandikwa Google Docs kwenye akaunti ya asasi. Maneno yakishakubaliwa, mtu mmoja anaipakua kama docx na kuipanga sura kwenye LibreOffice, kwa Times New Roman na karatasi ya A4, kisha hakuna anayerudi kuhariri kule mtandaoni. Kinachotoka mlangoni ni PDF. Mfadhili akitaka faili la kuhariri, anapewa docx na PDF pamoja, ili akiona jedwali limeteleza ajue lilivyopaswa kukaa. Hati za kudumu, kama katiba, mikataba na hesabu zilizokaguliwa, zinahifadhiwa kwa PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza kumbukumbu. Kwenye LibreOffice ni kuweka alama kwenye kisanduku kimoja wakati wa kutoa PDF. Jina la faili linaanza na mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe na hakuna tena lililoitwa "mwisho kabisa". Kila Ijumaa mchana nakala ya vyote inashushwa kwenye diski ya nje, nayo inafungiwa kwenye kabati la mtunza hazina, karibu na ile bahasha.